Maswali Yenu: Kuvuta na Kuishi Katika Trela Dogo la Kusafiria

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, ambako trela jepesi la kusafiria, lenye kitanda, jiko na choo na linalovutwa na gari la kawaida la familia, limewavutia wengi miongoni mwao, baadhi kwa ajili ya likizo na wengine kwa ajili ya kazi. Barua tumezifupisha. Majibu ya swali la kwanza na la pili ni marefu kwa sababu ndiko wanunuzi wapya wanakopotezea fedha zao.

Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Nina gari aina ya Toyota Highlander ambalo kitabu chake kinaeleza kwamba linaweza kuvuta pauni 5,000. Nimelipenda trela moja jipya ambalo karatasi ya mauzo inasema lina uzito wa pauni 3,100, na muuzaji amenihakikishia kwamba gari litalivuta bila taabu kwa kuwa inabaki nafasi ya pauni 1,900. Nyumbani tuko watano, na watoto wameshakuwa wakubwa kiasi. Je, nilipe?
Baba Neema, Minneapolis, Minnesota

Usilipe kwanza, Baba Neema. Muuzaji hakukudanganya, ila amekuonyesha namba ambayo trela lako halitakuwa nayo hata siku moja likiwa barabarani. Pauni 3,100 ni uzito wa trela tupu lilivyotoka kiwandani. Betri ya kawaida huongeza pauni 50 hivi. Mitungi miwili ya gesi ya pauni 20 kila mmoja, ikijazwa na kupimwa pamoja na chuma chake, hukaribia pauni 75. Na tangi la maji la galoni 30 likijaa huongeza pauni 250, kwa kuwa galoni moja ya Marekani ina uzito wa pauni 8.34. Kiyoyozi na turubai la kivuli, kama viliagizwa kuwa nyongeza, mara nyingi havikuhesabiwa. Hapo bado hujapakia sufuria, mablanketi, viti vya kukalia nje, baiskeli za watoto na mfuko wa mchele. Familia yako ikimaliza kupakia, trela litakuwa karibu na pauni 3,800, sawa na kilo 1,720 hivi.

Kwa sababu hiyo, ukiwa dukani acha karatasi ya mauzo, zunguka nje ya trela na usome kibandiko cha mtengenezaji, ambacho huwa upande wa kushoto karibu na sehemu ya mbele. Humo utakuta herufi GVWR na namba inayozifuata, ambayo ni uzito wa juu kabisa ambao trela linaruhusiwa kufikia likiwa limepakiwa. Fanya hesabu zako zote kwa namba hiyo, kana kwamba trela limejaa, kwa maana siku ya safari litajaa kweli.

Hata hivyo, kinachoweza kukukwamisha ni gari lenyewe kabla ya trela. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya mlango, na utaona kibandiko cheupe chenye rangi ya manjano kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo unaoruhusiwa ndani ya gari. Tuseme chako kinasema pauni 1,300. Watu watano wa umri mliosema wanaweza kufika pauni 650, hivyo nusu imekwisha kabla hujafunga hata begi moja. Kisha kumbuka kwamba trela halivutwi tu, bali pia huegemea gari: sehemu ya uzito wake, ambayo inapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15, hukaa juu ya kiungio cha nyuma na huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Kwa trela la pauni 3,800, asilimia 12 ni takriban pauni 456. Ukiongeza kiungio chenye vyuma vya kusambaza uzito, yaani vyuma vinavyogawa uzito huo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kiungio ambacho chenyewe kinaweza kuwa na pauni 80, unabakiwa na pauni 110 hivi, ambazo humalizwa na masanduku machache ya nguo. Kwa hiyo lile pengo la pauni 1,900 uliloahidiwa limeyeyuka, ilhali hujakaribia kuvunja kikomo cha kuvuta. Uwezo wa kuvuta unaotangazwa, kwa J2807, kanuni ya pamoja ya kupima uwezo huo ambayo watengenezaji wengi wanaifuata, hupatikana gari likiwa na watu wawili tu wa pauni 150 kila mmoja, wala si baba, mama na vijana watatu.

Vilevile tazama kitabu cha gari uone kinaruhusu pauni ngapi juu ya kiungio. Kwa magari mengi ya aina hiyo kikomo ni asilimia 10 ya uwezo wa kuvuta, yaani pauni 500 kwa gari lako, na trela lililopakiwa vibaya mbele hukipita kikomo hicho bila wewe kujua. Kitabu hichohicho kitakuambia kama vyuma vya kusambaza uzito vinaruhusiwa, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wanavikataa kwenye magari ya familia, na kama kuna kikomo cha ukubwa wa uso wa trela linalopambana na upepo. Jambo hili la upepo hudharauliwa sana. Trela refu la kwenda juu, hata likiwa jepesi, huifanya injini ihangaike kwenye mwendo wa barabara kuu, na si ajabu matumizi ya mafuta yakakaribia kuwa maradufu.

Ukiamua kununua, sharti la kwanza liwe kidhibiti cha breki za umeme. Trela la ukubwa huo lina breki zake, lakini hazifanyi kazi bila kisanduku kidogo kinachofungwa chini ya dashibodi na plagi yenye pini saba nyuma ya gari. Plagi ya pini nne huwasha taa tu. Majimbo mengi yanalazimisha breki trela linapofika pauni 3,000, na California huanzia pauni 1,500 kwa matrela ya kulala. Kila asubuhi kabla ya kuingia barabarani, tembeza gari polepole kwenye eneo la wazi, kisha usogeze kwa kidole kile kishikio cha kisanduku bila kukanyaga breki ya gari. Ukihisi trela linakushika kwa nyuma taratibu, mambo ni sawa. Likikushtua kwa nguvu hadi magurudumu yakabana, punguza. Na usipohisi chochote, usiondoke.

Baada ya kupakia kwa safari ya kwanza, pita kwenye kituo cha malori chenye mizani. Utapanda juu ya bamba, magurudumu ya gari yakiwa upande mmoja na ya trela upande mwingine, utabonyeza kitufe na kuzungumza na mhudumu, kisha utaingia dukani kuchukua karatasi yenye uzito wa kila sehemu. Pima mara ya pili ukiwa na gari peke yake, mizigo na watu wakiwa walewale. Gari likiwa zito zaidi lilipofungwa trela, tofauti hiyo ndiyo inayoegemea kiungio, ili mradi vyuma vya kusambaza uzito havikuwa vimekazwa. Gharama yake ni ndogo, na jibu lake halina ubishi wa muuzaji wala wa jirani.

Kwa maoni yangu, gari hilo na watu watano vinaelekea kwenye trela lisilozidi GVWR ya pauni 3,000. Kama moyo umeshakwama kwenye hilo kubwa, basi tafuta gari jingine la kulivuta.

Mhariri, mimi ni muuguzi wa mikataba ya wiki 13, na nimechoka kutafuta nyumba za kupanga kila ninapohamishwa. Nimenunua trela jipya la futi 17 lenye mwili wa faibaglasi, na mkataba wangu ujao unaanza Novemba huko Colorado. Mara nyingi hupangiwa zamu ya usiku. Je, mtu anaweza kuishi humo majira ya baridi? Nijihadhari na nini?
Muuguzi, Dallas, Texas

Anaweza, dada, ila si kwa namna ile inayoonyeshwa kwenye picha za matangazo. Umechagua aina nzuri. Matrela ya faibaglasi, kama Scamp yanayotengenezwa Backus, Minnesota, au Casita ya Texas, yana mwili wa vipande viwili vikubwa vilivyounganishwa, kwa hiyo hayana viungo vingi vya paa vinavyovujisha mvua kama ilivyo kwa matrela ya mbao na bati. Kasoro yao ni kuta nyembamba, na matangi ya maji machafu ambayo kwa mengi huwa wazi chini ya sakafu, mahali ambapo upepo wa baridi hupita.

Adui wako wa kwanza atakuwa unyevunyevu, naye huanza kazi usiku wa kwanza. Mtu mmoja akilala kwenye chumba kidogo kilichofungwa, pumzi yake hugeuka matone kwenye madirisha, na ukipika ugali kwenye jiko la gesi unaongeza mvuke wa chungu pamoja na ule unaotokana na gesi yenyewe kuungua. Baada ya wiki mbili utainua godoro ukute upande wa chini umeloa na madoa meusi yameanza. Dawa yake inaonekana kama ukaidi: acha tundu la paa wazi kidogo hata nje kukiwa na theluji, washa feni yake unapopika, na weka chini ya godoro vipande vya mbao au wavu mgumu ili hewa ipite. Mashine ndogo ya kukausha hewa inayotumia umeme ni bora kuliko vikopo vya chumvi vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu joto, hesabu gesi mapema. Mtungi wa pauni 20 una nishati ya takriban BTU 430,000 (BTU ni kipimo cha joto), na hita ya trela dogo hutumia kama BTU 16,000 kwa saa, hivyo mtungi mmoja hutoa saa 27 hivi za kuwaka mfululizo. Usiku wa baridi kali hita inaweza kuwaka nusu ya muda wote, na hapo mtungi utakwisha baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo sababu wakaaji wa muda mrefu hutumia pia hita ndogo ya umeme pale kambi inapowapa umeme. Lakini waya wa trela lako, kwa kawaida, ni wa ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa jumla. Hita hiyo huchukua 1,500, birika la chai linaweza kuchukua 1,500 nyingine, na ukiwasha maikrowevu juu yake, breka itakatika na utabaki gizani ukiwa na kikombe mkononi. Jizoeze kuuliza nini kimewashwa kabla ya kuwasha kingine. Kambi nyingi zenye bei ya mwezi hupima umeme kwa mita na kuutoza peke yake. Uliza kabla ya kusaini.

Maji ndiyo yatakayokuudhi zaidi. Bomba la mpira linaloingia kwenye trela huganda usiku mmoja tu, na likiganda hupasua viungo. Nunua lile lenye waya wa kupasha joto, au ufanye kama wenyeji wengi wafanyavyo: jaza tangi la ndani mchana, ondoa bomba, likunjue na ulimwage, kisha tumia pampu ya trela mpaka kesho yake. Ikitokea mkataba ukaisha mapema na trela likakaa bila mtu kwenye baridi, mwaga maji yote, zungushia mkondo pembeni ya tangi la maji moto kwa valvu yake maalumu, na usukume ndani ya mabomba dawa ya waridi ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa ajili ya matrela. Dawa ya rejeta ya gari ni sumu, usiiguse kabisa kwa kazi hii.

Zamu ya usiku inamaanisha kulala mchana, na wanunuzi wachache hulifikiria jambo hili. Kambi ni mahali pa makelele mchana, kuanzia watoto hadi mashine za kukatia majani, na kuta za futi 17 hazizuii kitu. Omba nafasi ya pembeni, mbali na mlango wa kuingilia na bwawa la kuogelea, na uweke pazia zito. Utakaporudi Texas majira ya joto, kiyoyozi cha BTU 13,500 kitahitaji ampea 12 hadi 16 peke yake, na kitakuwa juu ya kichwa chako pale ulalapo.

Mwambie wakala wa bima kwamba utaishi ndani ya trela, kwa kuwa bima ya likizo na bima ya makazi ni vitu viwili. Kengele za moshi, gesi na hewa ya monoksidi ya kaboni zina tarehe ya mwisho nyuma yake; zisome. Wala usipashe chumba joto kwa kuwasha majiko, hata kwa nusu saa.

Ndugu Mhariri, trela letu ni la ekseli moja. Lori kubwa likitupita kwenye barabara ya I-70, trela huanza kuyumba kulia na kushoto hadi mke wangu ananishika mkono. Nimeambiwa nikanyage breki, na mwingine ameniambia niongeze mwendo. Nani mkweli?
Msomaji, Columbus, Ohio

Hakuna mkweli kati yao. Ukikanyaga breki za gari, trela linasukuma kutoka nyuma na kuyumba kunazidi. Ukiongeza mwendo, unaongeza nguvu ileile inayolitikisa. Shika usukani kwa uthabiti bila kujaribu kufuata myumbo, ondoa mguu kwenye mafuta, na usogeze kishikio cha kisanduku cha breki ili trela peke yake lishike breki na kujinyoosha nyuma yenu. Mkeo, kwa heshima zote, aache mkono huo: unauhitaji kwenye kishikio.

Hata hivyo, trela linaloyumba kila lori linapopita lina tatizo ambalo lilianza nyumbani. Mara nyingi mzigo mzito umewekwa nyuma ya ekseli, kwa mfano baiskeli kwenye bampa au tangi la nyuma lililojaa, na uzito unaoegemea kiungio umeshuka chini ya asilimia 10. Sogeza vitu vizito viwe chini na mbele kidogo ya ekseli, kisha upime tena. Matairi yajazwe upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha trela, asubuhi yakiwa baridi. Mengi ya matairi yenye herufi ST, yaani matairi maalumu ya matrela, yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa isipokuwa yawe yameandikwa vinginevyo, na California, ukifika huko, sheria inataka maili 55 kwa kila anayevuta. Trela likiwa jipya, kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu ndani ya maili 50 za kwanza, na kila mara gurudumu linapotolewa.

Mheshimiwa Mhariri, naomba radhi kwa swali hili. Choo cha trela letu kinanuka ingawa tumeliunganisha tangi na bomba la maji taka la kambi na valvu tunaiacha wazi muda wote ili lijisafishe. Sisi hutumia maji kujisafisha, si karatasi. Je, ndiyo sababu?
Mama Zainabu, Houston, Texas

Hakuna haja ya radhi, mama, kwa kuwa hili ndilo swali ambalo kila mwenye trela hulificha. Maji mnayotumia yanalisaidia tangi. Kosa ni valvu. Inapoachwa wazi, majimaji hutiririka na kuondoka, na uchafu mgumu hubaki ukirundikana na kukauka chini ya choo kama kichuguu. Funga valvu ya tangi la choo, tia galoni mbili tatu za maji mwanzoni, na usiifungue mpaka tangi lifike theluthi mbili, ili wingi wa maji ubebe kila kitu kwa mkupuo. Mwaga tangi la choo kwanza, halafu lile la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Kwa huo uliokwisha kukauka, lijaze tangi maji karibu lote, uliache usiku kucha, au uvute trela barabara ya kwenda na kurudi dukani lipate kutikisika, kisha mwaga. Huenda mkalazimika kurudia.

Mafuta ya kukaangia samaki yasiingie kwenye sinki. Hugandamana ndani ya tangi la maji ya vyombo na kuharibu vipimo vyake. Samaki wenyewe wakaangwe nje, la sivyo harufu itakaa kwenye vitambaa vya viti msimu mzima.

Mhariri, ninarudi nyumbani Mombasa mwakani. Je, ni busara kusafirisha trela langu kwa meli?
Msomaji, Atlanta, Georgia

Kwa trela la kawaida la Marekani, sishauri. Kwamba matrela ya Marekani yanaweza kufika kwetu si jambo geni: Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matrela ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela yake kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960, ukapita Kenya na Ethiopia. Lakini huo ulikuwa msafara wa kupita. Wewe utaishi nalo. Mlango wa trela lako uko upande wa kulia, ambao Marekani ni upande wa ukingo wa barabara, na Kenya, ambako tunaendesha kushoto, watoto watashukia katikati ya magari. Vifaa vyake vya umeme ni vya volti 120 na hezi 60, ilhali soketi ya Mombasa inatoa volti 240 na hezi 50, kwa hiyo kiyoyozi, maikrowevu na chaja ya betri vitahitaji transfoma kubwa au kubadilishwa. Viungio vya mitungi ya gesi havilingani na vya huko. Hata tufe la kiungio lina mtego wake, kwa kuwa la Marekani huwa na inchi 2, yaani milimita 50.8, na yale ya milimita 50 yanayopatikana kwetu yatacheza ndani ya kikombe cha trela lako. Kama utalipeleka licha ya haya yote, beba na tufe lake na matairi ya akiba.